Namna ya Kuandika Historia ya Duka la Ukoo Lililodumu Miaka Mingi

Lindi, Mikindani na Kilwa Kivinje zina maduka ambayo babu aliyafungua, baba akayarithi, na sasa wajukuu ndio wanaokaa nyuma ya kaunta. Mjukuu anapoamua kuiandika historia ya duka la namna hiyo, kwa kawaida huanza na sifa za mwanzilishi, akaandika kwamba alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, kisha kalamu ikakwama. Ninamshauri aanze na daftari la madeni, kwa kuwa hakuna kumbukumbu nyingine inayoonyesha kwa ukweli kama huo duka lilimhudumia nani, kwa bidhaa gani, na kwa masharti gani.

Ukurasa mmoja wa daftari la babu yangu, ambao kona yake imeliwa na mende, una mistari mitatu tu chini ya jina la mteja: marikani yadi 4, sukari ratili 2, mafuta ya taa chupa 1. Pembeni, kwa wino uliofifia zaidi, ameandika “atalipa kwa mbata”. Maneno hayo matatu yalinifundisha mambo ambayo sikuwahi kuyasikia nyumbani: kwamba duka lilikuwa pia mnunuzi wa mazao, kwamba mteja alikuwa na minazi, na kwamba babu alikubali kungoja mpaka nazi ziangushwe na kukaushwa. Soma kila ukurasa kwa namna hiyo, ukijiuliza deni lililipwa kwa nini na lilichukua muda gani. Ukikuta maandishi ya Kigujarati, au Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, usikisie. Tafuta mzee anayeyasoma, ukae naye ukurasa kwa ukurasa.

Kabla ya kusoma, yalinde makaratasi. Hewa ya chumvi ya pwani na mchwa vimekwisha kumaliza mengi. Piga picha kila ukurasa kwa simu mchana, karibu na dirisha lakini si juani, ukianza na jalada na kurasa zilizo tupu, maana mara nyingi hesabu za pembeni huwa huko. Usiunganishe karatasi iliyochanika kwa selotepu, kwa sababu gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Ifunge ndani ya karatasi safi na uihifadhi katika sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Alama zako ziandike kwa penseli.

Kazi inayofuata ni kupata tarehe, nami nilikosea hapo kwa kuuamini mwaka uliochongwa juu ya mlango. Niliandika kwamba duka lilianza mwaka huo, hadi shangazi yangu aliponisahihisha: ulikuwa mwaka wa kujengwa nyumba, na duka lilikwisha kufanya kazi kwa muda mrefu katika banda la kukodi. Kipimo kilicho bora ni fedha iliyotajwa katika daftari. Wakati wa Wajerumani rupia moja ilikuwa na pesa 64, na kuanzia 1904 ikagawanywa kuwa heller 100, ambako ndiko lilikotoka neno letu hela. Waingereza walileta florini mwaka 1920, na haikudumu, kwani shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi yake mara moja. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Vipimo navyo husaidia, kwa hiyo yaandike maneno pishi, kibaba na frasila kama yalivyo, ukieleza mara moja tu kwamba frasila ni takriban kilo 16.

Kwa wazee, nenda baada ya sala ya alasiri, toa shikamoo, uulize habari za nyumbani na kuzijibu kabla ya kutoa daftari. Usimuulize mtu “ilikuwa mwaka gani”, kwa sababu atakupa mwaka ili asikuvunje moyo. Muulize kama alikwisha kutoka jando wakati kimbunga cha Aprili 1952 kilipoipiga Lindi, au kama aliwahi kupanda treni ya Mtwara na Nachingwea, ambayo ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, yaani mashamba makubwa ya karanga ya serikali ya Waingereza, na kufungwa 1962. Wahoji wanawake peke yao pia. Katika familia yetu wao ndio waliokumbuka bei ya doti ya kanga na majina ya wateja waliokopeshwa bila kuandikwa.

Kisha yaweke maisha ya duka kando ya mambo yaliyolipata kutoka nje. Mradi wa karanga ulileta fedha na watu kusini kuanzia 1947, na ulipofutwa 1951 maduka mengi yalibaki na wateja pungufu. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalihamishwa kutoka Lindi kwenda Mtwara katika miaka hiyohiyo, jambo ambalo mfanyabiashara wa Lindi aliliona mlangoni mwake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya jumla ilishikwa na serikali; sheria ya 1971 ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000; na Operesheni Maduka ya 1976 iliyafunga maduka ya watu binafsi vijijini. Uliza duka lenu lilikuwa wapi katika kila tukio. Msako wa walanguzi wa 1983 uulizie kwa upole sana, kwa kuwa kuna nyumba ambazo jeraha hilo bado halijapona.

Jambo lingine linalofichwa ni vileo. Baadhi ya maduka ya pwani yaliuza mvinyo na pombe kali za chupa, na wajukuu Waislamu huona haya kulitaja hilo. Litaje. Eleza kwamba sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza sheria iliwazuia Waafrika kununua vinywaji vya Ulaya, hivyo rafu ile ilikuwa ya wateja wachache, huku wengi wakinywa tembo la mnazi au uraka wa mabibo. Leseni ya vileo ilitolewa mbali na ile ya duka. Ikipatikana, ina tarehe ambayo haina ubishi.

Ukiweza kufika Dar es Salaam, omba kibali Nyaraka za Taifa, ambako kuna majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Nenda na jina la mtaa, namba ya kiwanja na tahajia zote za jina la babu, kwa kuwa karani wa zamani aliandika alivyosikia.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya ukoo, sura moja kila kikao, ukiacha ukurasa mtupu kila baada ya sura ili masahihisho yaandikwe pamoja na jina la aliyesahihisha. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili.