Kuomba nafasi ya kusomea sanaa chuo kikuu: kazi nzuri, picha mbovu

Anayepima maombi yako haoni turubai yenyewe. Anaona faili kwenye skrini, tena kwa muda mfupi. Ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Masharti

Soma ukurasa wa idara yenyewe, usiishie kwenye ule wa udahili wa jumla. Tarehe ya mwisho ya potifolio (mkusanyiko wa kazi zako) inaweza kutangulia ile ya maombi ya chuo. Andika pembeni idadi ya kazi (vyuo vingi huomba 10 hadi 20), ukubwa wa juu wa faili, na kama picha ya karibu ya sehemu ya kazi inahesabiwa kuwa kazi nyingine.

Hatua ya 2: Kuchagua kazi

Ukiwa na kazi 13 imara, peleka 13, hata kama wanapokea 20. Zile saba za kujazia ndizo zitakazokushusha. Chukua za miaka miwili ya karibuni, na ndani yake iwemo michoro mitatu au minne uliyochora ukikitazama kitu chenyewe: mkono, kiti, kona ya chumba, mtu aliyeketi. Sura ya mtu maarufu iliyonakiliwa kutoka kwenye simu, hata ifanane vipi, huonyesha subira tu, kwa kuwa kamera ilishakugeuzia kina kuwa bapa. Nakala za aina hiyo ziache zote. Anza na kazi bora kabisa, malizia na inayoifuata kwa ubora.

Hatua ya 3: Kupiga picha

Kwanza, achana na programu za simu za kuskani nyaraka. Zimeundwa kwa ajili ya maandishi, hivyo hukoleza weusi na kufuta vivuli vyote vya katikati. Skana ya mezani inafaa kwa kalamu na penseli zisizozidi A4. Rangi za maji zilizo nyepesi hupotea humo, na mkaa au pasteli huacha vumbi kwenye kioo chake. Kilichobaki chote kipigwe kwa kamera au simu nzuri.

Weka taa mbili zenye balbu za aina moja, kushoto na kulia, kila moja kwa nyuzi 45 kutoka ukutani. Zima taa ya chumba na ufunge mapazia. Mwanga wa njano ukichanganyika na wa dirishani, upande mmoja wa karatasi utageuka rangi ya chungwa na mwingine samawati, na hakuna programu itakayosawazisha hilo vizuri. Kabla ya kutundika, gusisha kitako cha penseli ukutani ili ichomoze kuelekea kamera: vivuli vyake viwili vikilingana kwa urefu na weusi, taa zimekaa sawa. Huna taa? Toka nje kivulini, au subiri mawingu. Jua kali na flashi havifai.

Kamera isipokuwa sambamba na kazi, mstatili hutoka umepanuka upande mmoja. Bandika kioo kidogo cha kujitazamia pale katikati ya kazi itakapokuwa, kisha sogeza kamera mpaka uione lenzi yake katikati ya kioo. Turubai iliyotundikwa kwa kamba huinamia mbele na kuharibu kipimo hicho, kwa hiyo iegemeze juu ya misumari miwili. Simama mbali kiasi na utumie lenzi ya 2x kama simu inayo, kwani lenzi pana hupinda kingo. Kwa kamera: ISO 100 (wepesi wa kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), stendi ya miguu mitatu, na kipima muda cha sekunde 2.

Halafu linakuja tatizo la karatasi nyeupe kutoka ya kijivu. Kamera hudhani kila inachokiona kina mwangaza wa wastani, hivyo huutia weupe giza. Ongeza mwangaza kwa +0.7 hadi +1 kwenye mpangilio wa kamera wenye alama ya +/−, lakini rudi nyuma mistari myepesi ikianza kufifia. Penseli nzito na rangi ya mafuta hung'aa; zisogeze taa karibu zaidi na ukuta, hadi nyuzi 30 hivi. Kazi yenye fremu ya kioo itolewe kwenye fremu.

Kata kingo, rekebisha weupe, usiongeze filta. Hifadhi kama JPEG katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini. Mfumo mpana zaidi, Adobe RGB, unaweza kuonekana imepauka kwenye skrini za wengine. Kila nakala itoke kwenye faili ya awali, maana JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya.

Sanamu na vyungu: piga pande mbili, nyuma kukiwa na karatasi ya kijivu iliyopindwa bila kona.

Hatua ya 4: Orodha ya kazi

Jina, mwaka, vifaa, vipimo. Kimo hutangulia upana: mkaa kwenye karatasi, sm 70 × 50.

Hatua ya 5: Maelezo yako

Futa sentensi inayosema umependa kuchora tangu utotoni. Andika unachokitafuta sasa, kwa vifaa gani, na wapi unakwama. Walimu wa kukuandikia barua za mapendekezo waombe wiki nne kabla.

Hatua ya 6: Kutuma

Angalia saa ya mwisho ni ya eneo gani la saa. Pakia siku mbili kabla, fungua onyesho la awali kwenye kifaa kingine uone kama kuna picha iliyolala ubavu, kisha tuma na uhifadhi uthibitisho.