Senario za ziwa letu Victoria: anzeni na beach, alafu mpande mpaka Jinja

Mikutano mingi ya mazingira huku Kisumu hukwama kwa swali moja, maji yatapanda ama yatashuka? Hakuna anayejua. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, 2006 likashuka vibaya sana, alafu Mei 2020 likafika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, kule Uganda, likapita hata ile rekodi ya 1964. Sasa badala ya kubishana, tungeni hadithi tatu ama nne za kesho ambazo zote zinawezekana, kisha mjaribu mpango wenu ndani ya kila moja. Hiyo ndio senario.

Msianze na "mazingira", anzeni na uamuzi ulio mezani. Mfano BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia beach) inataka kujenga banda la samaki: tulijenge wapi ndio 2040 liwe bado linatumika? Iteni wazee walioona mafuriko ya sitini na kitu, akina mama wa omena, yaani dagaa (maji yakipanda ni uwanja wao wa kuanika unaenda kwanza), mkulima wa mpunga wa Ahero, na tafadhali mtu wa kule juu Nandi, maana maji ya mto Nyando yanatoka kwao na hakuna mtu huwa anawaita.

Hapa pa ngazi, yaani ukubwa wa eneo mnaloangalia, msikimbie. Bandikeni karatasi kubwa za manila tatu ukutani. Ya kwanza beach yenu: mafunjo, choo, barabara. Ya pili mto Nyando wote, kutoka milimani hadi Kano, vile miti inakatwa juu na udongo unashukia huku. Ya tatu ziwa zima, ambalo Kenya ina kama asilimia 6 tu, na maji yake yanatoka nje pale Jinja kupitia mabwawa ya Uganda. Juu ya zote kuna Bahari ya Hindi, upande wetu ukipata joto kama mwisho wa 2019 mvua inamwagika. Kwa kila manila andikeni nini kinabadilika na nani ana uwezo wa kukisukuma, mtaona haraka vitu gani ni vya kupigania na vipi ni vya kujipanga navyo tu.

Alafu chagueni mambo mawili mazito ambayo hamna uhakika nayo, tuseme kiwango cha maji na utunzaji wa milima. Yapitisheni msalaba, moja mstari wa kusimama na lingine wa kulala, mnapata kesho nne. Kile mna uhakika nacho, kama watu kuongezeka, kinaingia kwa hadithi zote nne. Msikopi senario za dunia vile zilivyo, ile tathmini kubwa ya ikolojia iliyotoka 2005 (Millennium Ecosystem Assessment) ilikuwa na hadithi nne nzuri za mpaka 2050 lakini Nyando huioni humo. Chukueni tu wazo lake.

Kila hadithi iwe na anayefaidi na anayeumia, na iseme mama wa omena anaamkia nini asubuhi.

Mwisho pitisheni banda kwa zote nne. Sehemu ya mpango ikisimama kote, kama kujenga juu ya alama ya maji ya 2020 na kuacha mafunjo yasimame, anzeni sasa. Ikisimama kwa moja tu, subirini na mtaje dalili mtakayoiangalia: kipimo cha Jinja, rangi ya Nyando mwezi wa nne, habari za joto la bahari Septemba. Mkutane tena kila Februari kabla ya mvua ndefu, na manila zile zile.