Kumwigiza Gerald Croft: mwongozo wa hatua kwa hatua

Waigizaji wengi wanaopewa nafasi ya Gerald Croft katika An Inspector Calls, tamthilia ya J. B. Priestley, humcheza kama laghai tangu pazia linapofunguka. Hapo mchezo unakufa. Gerald anapendeza, na inabidi apendeze mpaka mwisho. Anaweza kumhurumia binadamu kwa dhati, kisha akamwacha pale huruma inapoanza kumgharimu. Ukimpa macho ya hila, mtazamaji atasema "huyu si mimi" na kukaa raha kwenye kiti chake.

Hatua ya 1: Nafasi yake mezani

Ni usiku mmoja wa mwaka 1912, katika Brumley, mji wa kubuni wa viwanda nchini Uingereza. Arthur Birling, mwenye nyumba, ni tajiri wa kiwanda aliyepanda kwa fedha zake. Gerald, mwenye miaka kama 30, ni mgeni wake na mchumba wa binti yake Sheila; ni mtoto wa Sir George na Lady Croft. Kampuni yao ni kongwe na kubwa kuliko ya Birling, na mama yake ametoka katika ukoo wa wenye mashamba. Kwa hiyo mgeni ndiye aliye juu, na baba mkwe mtarajiwa ndiye anayejipendekeza. Mwachie kazi hiyo. Wewe egemea kiti, sema taratibu, usigombee neno na mtu.

Mwandishi ameagiza wanaume wavae koti lenye mkia na tai nyeupe. Vikundi vingi huleta tai nyeusi, na chakula cha heshima kinageuka cha kawaida. Kizibao cheupe kisichungulie chini ya ukingo wa mbele wa koti. Kikichungulia, kipandishe kwa pini kwa ndani. Hakikisha kina mfuko unaofunguka kweli. Utauhitaji.

Hatua ya 2: Andika kalenda yake

Chukua karatasi uandike. Machi 1911: anakutana na msichana aitwaye Daisy Renton kwenye baa ya jumba la maonyesho la Palace, akimwokoa kutoka kwa mzee mlevi mwenye cheo mjini. Anamweka katika vyumba vya rafiki yake aliyekwenda Kanada kwa miezi sita. Wiki ya kwanza ya Septemba: anauvunja uhusiano, na kumpa fedha za kumfikisha mwisho wa mwaka. Kiangazi hicho hicho Sheila, mchumba wake sasa, hakumwona, akaambiwa kazi ni nyingi kiwandani.

Kalenda hii ndiyo inayokuonyesha uongo umelala wapi. Mapema sana, kwa utani, Sheila anakitaja kiangazi kile, na Gerald anarudia kisingizio cha kazi. Mjibu upesi na kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara kumi. Ukisita hata kidogo, umeitoa siri kabla ya wakati wake.

Hatua ya 3: Usishtuke jina la Eva

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Inspekta wa polisi anafika kuuliza habari za Eva Smith, msichana aliyejiua, ambaye zamani alifanya kazi kwa Birling. Anapomtaja, Gerald hajui lolote; yeye alimjua kwa jina la Daisy. Tena haonyeshwi picha. Sikiliza kama mgeni aliyekutwa na shida za nyumba ya watu.

Katika dakika hizo ndipo linapopita kosa lake la kwanza. Birling anaeleza jinsi alivyowanyima wafanyakazi shilingi 25 kwa wiki, nao wakipata wastani wa shilingi 22 na peni 6, wakagoma. Gerald anachangia kwamba mgomo baada ya likizo lazima ungeshindwa, maana watakuwa hawana kitu mfukoni. Usilisisitize neno hilo. Liseme kama mtu anayezungumzia mvua. Halina chuki ndani yake, na ndiyo maana linauma.

Hatua ya 4: Wiski

Jina la Daisy Renton linapotajwa, Gerald anashtuka, kisha anamwomba Sheila ruhusa ya kujimiminia kinywaji. Fanya kwa mpangilio huu: neno moja la mshtuko, kimya cha kama sekunde mbili, ombi kwa sauti ya adabu kamili, kisha safari ya kwenda kwenye kabati la vinywaji ukiwapa mgongo. Adabu ndiyo ngao yake ya kwanza. Mimina kidogo, kama vidole viwili vya glasi, na usinywe papo hapo. Mkono ukitetemeka sana, chupa itagonga glasi na watu watacheka. Uache utulie zaidi ya kawaida. Sheila anausoma mgongo wako, usimzibe.

Hatua ya 5: Kukiri

Katika Sehemu ya Pili anasimulia, na katikati ya maneno anatambua kwamba msichana amekufa kweli. Wengine hulia hapa. Acha sauti ikatike tu, uombe radhi, uendelee. Huzuni ni ya kweli, na Inspekta mwenyewe anakiri kwamba huyu alimpenda kidogo. Kisha Sheila anamrudishia pete. Itie kwenye mfuko ule wa kizibao, ndipo utoke kwenda kutembea.

Hatua ya 6: Kurudi

Sehemu ya Tatu ndiyo inayomhukumu. Anarudi na habari kwamba Inspekta si polisi wa kweli, anapiga simu hospitalini, anaambiwa hakuna msichana aliyeletwa. Cheza furaha safi, ya mtu mwerevu aliyeokoa familia nzima. Usimpe hata chembe ya aibu. Msichana ambaye Gerald alimhuzunikia muda mfupi uliopita amegeuka swali la ushahidi, na yeye haoni kilichobadilika.

Kisha anamtolea Sheila pete tena. Itoe mfuko ule ule, kwa tabasamu lile lile la Sehemu ya Kwanza; fanyeni mazoezi ya matukio hayo mawili siku moja ili yafanane. Sheila anasema bado mapema. Simu inalia. Wengi huirudisha pete mfukoni ili mikono iwe huru. Usiirudishe. Birling akiambiwa kwenye simu kwamba msichana amekufa kweli na inspekta yuko njiani, iache kati ya vidole vyako, mkono ukiwa bado umenyooshwa, mpaka pazia lishuke.