Mtoto Anayekojoa Kitandani na Asiyetulia Mchana: Namna ya Kumsaidia

Mtoto aliyetimiza miaka 5 akiendelea kulowanisha godoro mara kwa mara, na mchana akawa hatulii, hasikii au ana hasira za ghafla, wazazi wengi huyafunga yote hayo katika neno moja, utukutu, na dawa inayotafutwa ni fimbo. Neno hilo liondolewe kwanza. Mkojo wa usiku humtoka mtoto akiwa usingizini bila kukusudia, na adhabu anayopewa asubuhi haimfundishi chochote isipokuwa kuogopa kulala.

Kinachotokea ni kwamba usiku mwili hutoa homoni ya kupunguza mkojo, na kwa baadhi ya watoto homoni hiyo bado haitoshi, hivyo figo huendelea kutengeneza mkojo mwingi. Wengine kibofu chao hubana kabla hakijajaa. Juu ya hayo, ubongo hauamki kwa taarifa inayotoka kwenye kibofu. Hali hii hurithiwa sana: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto wake kuipata ni takriban 44 katika kila 100, na wakiwa wazazi wote wawili, takriban 77. Mzazi aliyepitia hayo amweleze mtoto wake waziwazi. Ninaamini hakuna maneno yanayomtua mtoto mzigo wa aibu kama hayo.

Kuhusu tabia, uhusiano upo, lakini si ule unaodhaniwa. Mwaka 1963 daktari wa akili John Macdonald, aliyefanya kazi Marekani, aliandika kwamba kukojoa kitandani, kuwasha moto na kutesa wanyama vikikutana kwa mtoto huashiria ukatili wa baadaye. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba kikojozi hugeuka mtu mkatili. (Kwetu pia watoto huambiwa kwamba wakichezea moto watakojoa kitandani. Onyo hilo huwaepusha na moto, lakini halielezi mkojo.) Kinachojulikana ni kwamba, miongoni mwa watoto wanaokojoa kitandani, takriban 20 hadi 30 katika kila 100 wana pia tatizo la kitabia au kihisia, na linaloonekana zaidi ni lile la kushindwa kutulia na kuwa makini. Mtoto mwenye tatizo hilo hupuuza haja hadi dakika ya mwisho, hujibana akiwa mchezoni, na huondoka chooni kabla hajamaliza. Kwa watoto wengine mambo huenda kinyume: mkojo ndio unaotangulia, na ugomvi au kujitenga hufuata baada ya kuchekwa na ndugu na majirani.

Ili ujue mtoto wako yuko upande gani, andika daftari kwa wiki 2. Kila asubuhi andika kama kitanda kilikuwa kikavu, na kila siku andika alikunywa nini na saa ngapi, alipata choo au la, alijibana au alilowanisha nguo mchana, na vurugu zake zilitokea wakati gani. Siku mbili asipokwenda shule, mpe kikombe chenye alama za vipimo akojolee humo. Kiasi kinachotarajiwa kibofu kubeba hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye umri wake na kuzidisha kwa mililita 30, kwa hiyo mtoto wa miaka 7 hutarajiwa kubeba takriban mililita 240. Msikilize pia akiwa amelala. Mtoto anayekoroma kila usiku na kupumua kwa mdomo huenda ana nyama za pua au tonsili zilizokua. Usingizi wake hukatika, hukojoa kitandani, na mchana huwa msumbufu na mzito wa kusikiliza. Huyo huhitaji daktari wa masikio, pua na koo, na mara nyingi akitibiwa, usiku na mchana wake hubadilika pamoja.

Daftari hilo lipeleke kituo cha afya, na mkojo upimwe. Usichelewe ikiwa mtoto ana kiu isiyoisha na anakonda, kwa sababu hiyo huweza kuwa kisukari. Au mkojo una damu, jambo linaloweza kuwa kichocho kwa watoto wanaooga na kucheza katika mito na mabwawa. Au anaumia akikojoa. Mtoto mwenye selimundu hutoa mkojo mwingi kwa sababu figo zake haziwezi kuukoleza, na haifai kumnyima maji. Kama mtoto alikuwa amekauka kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza upya, fikiria kilichobadilika: msiba, wazazi kutengana, kuhamishwa shule, au kuguswa vibaya na mtu. Muulize kwa upole mkiwa wawili tu, na usimwoneshe kwamba umeshtuka.

Nyumbani, anza kwa kuhakikisha mtoto anapata haja kubwa bila shida, kwa kuwa utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Matunda, mboga na maji ya kutosha mchana husaidia. Anywe zaidi asubuhi na adhuhuri, apunguze saa mbili kabla ya kulala, na chai na soda ziachwe jioni. Aende haja ndogo kila baada ya saa 2 au 3, na kabla ya kulala. Choo kikiwa nje na kuna giza, weka ndoo chumbani. Msifu kwa anayoyaweza, kama kukumbuka kwenda chooni na kusaidia kutoa shuka, wala usimtuze kwa usiku mkavu, kwa sababu huo haumo katika uwezo wake.

Mtoto asiyetulia apimwe na kutibiwa tatizo hilo pia, kwa sababu tiba ya mkojo hudai subira ambayo bado hana. Tiba inayodumu zaidi ni kengele inayolia nguo inapoanza kulowa. Takriban theluthi mbili ya watoto hukauka wakiitumia kwa miezi 2 hadi 3. Mwanzoni mzazi ndiye atakayeamka na kumwamsha mtoto, kila usiku bila kuruka. Kuna pia desmopressin, dawa ya kupunguza mkojo wa usiku, ambayo hufaa hasa kwa safari au bweni. Huandikwa na daktari, na mtoto asinywe maji mengi tangu saa 1 kabla ya dawa hadi saa 8 baada yake, kwani chumvi ya damu inaweza kushuka hadi akapata degedege. Kengele iachwe baada ya usiku 14 mfululizo bila kulowanisha, na mkojo ukirudi, irudishwe siku hiyohiyo.