Umeitwa misheni nje ya nchi? Soma hapa kwanza

Kama ni misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, jua vijana wa kiume wanakaa miezi 24, mabinti 18, na saa 12 na nusu asubuhi uko macho, hakuna cha "dakika tano tu".

Cha kwanza viatu. Utatembea mpaka soli iliwe upande mmoja, so beba pea mbili ambazo mguu umeshazizoea, ukianza na vipya utachubuka kisigino mpaka uchechemee. Shati jeupe nalo kola ifikiche na sabuni usiku uleule, ukingoja siku ya maandalizi (ile siku moja ya wiki ya kufua na shughuli zako) jasho limeshaganda njano, halitoki ng'o.

Lugha sasa: weka kijidaftari mfukoni, ukisikia neno jipya liandike vile sikio limelishika, kesho yake litumie hata kama watacheka. Wakicheka ndo vizuri, watakurekebisha bure.

Mwenza, yaani mmisionari mwenzako uliyepangiwa, hukumchagua na mko naye muda wote, kwahiyo akikukera mwambie siku hiyohiyo kwa upole, usisubiri lijae. Nani kaacha vyombo, nani anakoroma, vitu vidogo hivyo ndo vinawafanya watu wanuniane wiki nzima (niamini mimi).

Simu ya nyumbani kila wiki inaruhusiwa tangu 2019. Mama akiuliza hali mwambie ukweli, ila anza na zuri maana ukianza na homa hatalala.