Somo: Kuruka hadi kwenye folda kwa neno moja, kwa kutumia zoxide

Jumamosi iliyopita, darasani kwetu Umoja, nilikaa nyuma ya mwanafunzi mmoja nikimtazama akifanya kazi. Ili afike kwenye folda yake aliandika hivi kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri (`cd` ni amri ya kuingia kwenye folda):

`cd ~/kazi/wateja/gikomba-nguo/2024/ankara/machi`

Hizo ni alama 47, ukihesabu nafasi na mikwaju. Alikosea kwenye "gikomba", akafuta, akaanza tena. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameandika njia hiyo mara nne. Nikaona uchungu, maana kijana anajua kazi yake vizuri kabisa. Kinachomla ni safari. Leo nataka safari hiyo iwe hivi:

`z machi`

Programu yenyewe inaitwa zoxide. Imeandikwa na Ajeet D'Souza kwa lugha ya Rust, ikifuata nyayo za zile za zamani, autojump na z. Ni ndogo, haina gharama, na hata laptopu ya ex-UK uliyonunua Luthuli Avenue itaibeba bila kulalamika.

Hatua ya 1: Iweke kwenye mashine

Ubuntu au Debian: `sudo apt install zoxide`
Mac yenye Homebrew: `brew install zoxide`
Windows: `winget install ajeetdsouza.zoxide`

Hatua ya 2: Iamshe

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaisakinisha, wanaandika `z`, terminali inawaambia haiijui amri hiyo, wanakata tamaa. Kuisakinisha pekee hakutoshi. Lazima uiambie terminali iiwashe kila inapofunguka. Wanaotumia bash (bash na zsh ni programu zinazosoma amri unazoandika kwenye terminali):

`echo 'eval "$(zoxide init bash)"' >> ~/.bashrc`

Tazama ile mishale miwili `>>`. Miwili huongeza mstari mwishoni mwa faili. Ukiweka mmoja, utafuta kila kilichokuwa ndani ya `.bashrc` na kubaki na mstari huo peke yake. Andika polepole, kisha funga terminali na uifungue upya. Wa zsh, faili lenu ni `~/.zshrc`, na neno `bash` ndani ya mabano mlibadilishe liwe `zsh`. Wa Windows, mstari wa PowerShell ni tofauti, nitawaonyesha darasani.

Hatua ya 3: Tembea kwanza

Siku ya kwanza zoxide haijui lolote. Ukiandika `z machi` itakujibu `zoxide: no match found`, nayo haijaharibika. Endelea na `cd` zako kama kawaida siku mbili tatu. Kila folda unayoingia inaandikwa kwenye daftari lake. Usihangaike kuilisha folda kwa mkono. Acha ijifunze kutokana na kazi yako halisi, ndipo itakapokufaa.

Hatua ya 4: Sasa ruka

`z machi` inakupeleka kwenye folda yenye "machi" katika jina lake. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Maneno yakiwa mawili, lazima yafuate mpangilio wa njia: `z gikomba machi` ni sawa, `z machi gikomba` hapana. `z -` inakurudisha ulikotoka.

Kanuni moja ishike sana: neno la mwisho unaloandika lazima liwemo katika jina la folda ya mwisho ya njia. Ndiyo maana `z gikomba` haiwezi kukufikisha ndani ya `gikomba-nguo/2024/ankara`, hata kama unaingia humo kutwa mara kumi. Itakupeleka `gikomba-nguo` na kuishia hapo. Kwa hiyo anayeita kila folda "mpya" au "faili" atateseka. Zipe folda zako majina yanayojitambulisha. Mimi naona hilo lina uzito kuliko mpangilio wowote mwingine utakaoubadilisha.

Na zikigongana mbili, inachaguaje? Kila ziara inaongeza alama 1. Unapouliza, alama hizo zinazidishwa kwa 4 kama uliingia ndani ya saa moja iliyopita, kwa 2 kama ni ndani ya siku moja. Ndani ya wiki zinagawanywa kwa 2, na zaidi ya hapo kwa 4. Chukua folda uliyoingia mara 30 lakini hujaigusa kwa wiki mbili: 30 gawanya kwa 4 ni 7.5. Nyingine umeingia mara 4 tu, ya mwisho nusu saa iliyopita: 4 mara 4 ni 16. Ya pili inashinda. Ukitaka kuona hesabu hizo kwa macho yako, andika `zoxide query -ls`.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi wa Githurai. Nina wateja watano na kila mmoja ana folda "ankara". Nikiandika z ankara napelekwa kwa mwingine.*

Marahaba. Ongeza jina la mteja mbele: `z gikomba ankara`. Ukiwa umesahau jina, sakinisha pia fzf, programu ndogo ya kutafuta ndani ya orodha, kisha uandike `zi ankara`. Utaletewa orodha uchague kwa mishale.

*Laptopu tunatumia na mdogo wangu, na folda zake za michezo zinanijia. Na je, inatuma habari zetu kwenye intaneti?*

Haitumi popote, dada. Kwenye Linux daftari lake ni faili moja, `~/.local/share/zoxide/db.zo`, na inafanya kazi hata bando likiisha. Mfungulie mdogo wako akaunti yake na kila mtu atakuwa na daftari lake. Kwa sasa, ondoa folda hizo kwa `zoxide remove` ikifuatwa na njia kamili.

*Seva ya kazini hairuhusu kusakinisha kitu. Nifanyeje?*

Bash ina njia yake ya kuzaliwa nayo. Weka `CDPATH=.:~/kazi/wateja` kwenye `.bashrc`, na kutoka popote `cd gikomba-nguo` itakufikisha. Haijifunzi, lakini inapunguza safari.

*Naweza kuitumia ndani ya skripti ya kufuta faili za zamani?*

Usithubutu, ndugu yangu. Niliwahi kuandika `z nakala && rm -r *` usiku (`rm` ndiyo amri ya kufuta), nikidhani nipo kwa mteja mmoja, kumbe nimetua kwenye "nakala" ya mwingine. Ankara za miezi miwili zilienda, nikaziandika upya kutoka kwenye karatasi hadi alfajiri. Kwenye skripti weka njia kamili siku zote. Na kwa kazi ya mkono, weka `export _ZO_ECHO=1` juu ya ule mstari wa `eval`; kila unaporuka, terminali itakuandikia mahali ulipotua. Isome kwanza, ndipo uguse `rm`.