SOMO: Chumvi, KH na bwawa la koi (samaki wa mapambo) wakati wa baridi (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila mwaka majani yakianza kupukutika huku Ohio, inboksi yangu inajaa swali lilelile: "Mkuu, niweke chumvi kiasi gani?" Nimeandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitambandikia kiungo tu. Vipimo vyangu ni vya lita na kilo. Unayehesabu kwa galoni, jua kwamba ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546, na mifuko ya dawa haisemi kila mara inamaanisha ipi.

1. Toa majani na tope, tandaza wavu.

2. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, wape chakula cha kiini cha ngano, kidogo. Chini ya 10 acha kabisa, hata wakija kukufungulia midomo.

3. Pima KH (kiasi cha kabonati kwenye maji), kisha pH (kipimo cha uasidi). KH ndiyo inayoshikilia pH isiyumbe. Mvua na theluji iliyoyeyuka karibu hazina KH, kwa hiyo bwawa linaweza kuingia Desemba likiwa zuri na kufika Machi pH imeanguka. Mimi sipendi kuona chini ya 100 mg kwa lita. Bekingi soda gramu 30 kwa lita 1,000 hupandisha KH kwa takriban 18 mg kwa lita. Lakini pima amonia (taka ya samaki) kwanza! Kama pH iko chini na amonia imejaa, ukiipandisha pH ghafla unaigeuza amonia iliyotulia kuwa sumu. Badilisha maji kidogo kidogo kwanza, yaliyotolewa klorini.

4. Chumvi. Hapa tulia.

Asilimia 0.1 ni kilo 1 kwa kila lita 1,000. Kiasi hicho kina kazi moja kubwa: kuzuia nitriti, sumu ambayo bakteria wa filta huitoa wakivunja amonia. Bakteria wa filta huzubaa maji yakipoa, na nitriti inabaki njiani haijamaliziwa. Ikiingia kwenye damu, damu inakuwa ya kahawia na haibebi oksijeni vizuri, ndiyo maana unamwona samaki anatweta juu ya maji yenye hewa tele. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hugombea mlango uleule wa matamvua na kuibana nitriti nje. Asilimia 0.3 ni tiba ya mgonjwa, ya muda, na ikiwezekana kwenye tangi la pembeni. Sioni sababu ya kulilaza bwawa zima na kiwango hicho hadi masika.

Kabla hujamwaga, PIMA iliyopo. Chumvi haipandi na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi yote imebaki, kwa hiyo ukijazia hapo unaongeza chumvi SIFURI. Unaongeza tu kwa yale uliyoyatoa: umetoa lita 800, ukitaka kubaki kwenye 0.1 rudisha gramu 800. Watu wanaweka "kilo moja ya desturi" kila wakijazia, halafu Februari wananiletea picha. Barafu nayo ikiganda huisukuma chumvi kwenye maji yaliyobaki chini, kwa hiyo kipimo cha Januari kitasoma juu kidogo bila wewe kugusa kitu.

Ziolaiti (mawe ya kunyonya amonia) kwenye filta? Itoe kabla ya chumvi. Chumvi huifanya iteme amonia yote iliyoimeza.

Chumvi yenyewe iwe kloridi ya sodiamu tupu. Ukiona E535 au E536 kwenye mfuko, hiyo ni ferosianidi ya kuzuia mabonge, iache dukani. Iyeyushe kwenye ndoo, igawe kwa siku tatu, na usiilundike sakafuni. Myungiyungi haiipendi.

5. Inua pampu na jiwe la hewa kutoka chini. Acha tundu moja kwenye barafu.

MASWALI

mtaa_wa_saba: Mkuu nimeweka chumvi kiasi, samaki wawili wamelala ubavu. Nifanyeje haraka?

Mwandishi: "Kiasi" ni kilo ngapi? Bwawa lita ngapi? KH, amonia, nitriti? Lete namba.

mtaa_wa_saba: Sina vipimo. Bwawa ni la wastani.

Mwandishi: Basi badilisha robo ya maji, yasiyo na klorini na yenye joto lilelile, ongeza hewa, kisha kanunue vipimo. Chumvi usiguse.

baridi_tu: Chumvi ya kumwagia barabarani si ni ileile? Bei yake nusu.

Mwandishi: Siyo. Nyingine ni kloridi ya kalsiamu, nyingine ina viongezi visivyoandikwa. Hatua ya 4 imesema.

baridi_tu: Nimeuliza tu, mbona ukali?

Mwandishi: Samaki ni wako, mkuu.

dada_wa_leicester: Habari kaka, asante kwa somo. Bwawa langu lina umbo la figo na kina hakilingani. Nitajuaje lita? Na pampu kwa nini iinuliwe?

Mwandishi: Dada, maswali mazuri haya. Chumvi yenyewe itakupimia. Soma kiwango kilichopo, weka kilo 5 zilizoyeyushwa, acha maji yazunguke siku nzima, soma tena. Kikipanda kwa asilimia 0.05, hiyo ni nusu kilo kwa kila lita 1,000, kwa hiyo una lita 10,000. Tumia kipimo cha kidijitali, vijiti vya rangi havitoshi kwa hili. Kuhusu pampu: maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, hutulia chini, na koi hujilaza humo. Ukivuta kutoka sakafuni unawachanganyia na maji ya juu yaliyo karibu na sifuri.

njombe_juu: Shikamoo mkuu. Huku Njombe hatuna barafu ila Julai maji ni ya baridi kweli. Najaza kwa maji ya mvua ya bati.

Mwandishi: Marahaba. Barafu iruke, hatua ya 3 ndiyo yako. Maji ya bati hayana KH, pima kila wiki. Na usitumie magadi ya kupikia maharage badala ya bekingi soda, yanapandisha pH juu mno.

njombe_juu: Sawa. Matangi ya mabati yana shida na chumvi?

Mwandishi: Ndiyo, zinki hutoka na inaua samaki. Tumia plastiki.

mzee_wa_wavu: Nyongeza: tundu la barafu msilipige nyundo, mshtuko unawafikia samaki chini. Mimi naweka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu, inajitoboa yenyewe. Ifungeni kamba kwenye mpini, yangu moja bado iko chini ya bwawa.